Mbao, Viazi na Mashine ya Kukoboa: Jinsi ya Kuipa Biashara Namba ya Shughuli Yake

Bango lenye maneno "Tunauza Mbao" kando ya barabara kuu pale Mafinga halimpi mtu wa takwimu taarifa ya kutosha. Nyuma yake anaweza kuwapo mwenye shamba la misonobari anayeuza miti ikiwa imesimama, au anayekata miti na kutoa magogo porini, au mwenye dingdong, mashine ya kuhamishika ya kupasua magogo hayo, au fundi wa milango na fremu, au mfanyabiashara aliyenunua mbao zilizokwisha kupasuliwa akazipanga uani kwake. Kila mmoja ana namba yake katika orodha ya kimataifa ya shughuli za kiuchumi: 0210, 0220, 1610, 1622, na yule wa mwisho ni 4663 akiuza kwa jumla au 4752 akiuza kwa rejareja. Wawili wa kwanza huhesabiwa kwenye misitu, wawili wanaofuata viwandani, wa mwisho kwenye biashara. Ukiwatia wote kapu moja, pato la misitu la Mufindi linapungua kwenye karatasi huku miti iko palepale, na anayepanga bajeti ya barabara za msituni au mafunzo ya mafundi anasoma picha isiyo ya kweli.

Maelezo yafuatayo yanamfaa mdadisi anayezunguka na dodoso, afisa biashara wa halmashauri anayesafisha orodha yake, mwanafunzi wa takwimu, na hata mwenye biashara anayejaza maombi kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, maana huko nako shughuli huchaguliwa kwa orodha hiyohiyo.

Orodha yenyewe

Orodha inaitwa ISIC, uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi unaosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Ya kwanza ilitoka mwaka 1948. Tunayoitumia hapa ni Toleo la 4, lililochapishwa mwaka 2008, ambalo ndilo Ofisi ya Taifa ya Takwimu imelifuata katika hesabu za Pato la Taifa zenye mwaka wa kizio 2015. Lina ngazi nne: sehemu 21 zenye herufi A hadi U, tanzu 88 zenye tarakimu mbili, makundi 238 yenye tarakimu tatu, na madaraja 419 yenye tarakimu nne. Namba 1622 husomwa hivi: 16 ni utanzu wa bidhaa za mbao, 162 ni kundi la vitu vilivyotengenezwa kwa mbao, 1622 ni daraja la milango, madirisha, fremu na kazi nyingine za useremala wa majengo. Herufi C ya viwanda haimo ndani ya namba. Unaijua kwa kuangalia utanzu, kwa kuwa 10 hadi 33 zote ni C. Sifuri ya mwisho huwa na maana kwamba kundi halikugawanywa zaidi, kama 1610. Tisa ya mwisho mara nyingi ni "nyinginezo", na hapo ndipo wavivu hukimbilia.

Kuna mambo ambayo orodha hii haiyatazami hata kidogo: biashara ni ya mtu mmoja au kampuni, ya serikali au binafsi, ina leseni au haina, ina mtaji wa milioni mia au wa elfu thelathini. Mama lishe wa stendi na hoteli yenye mgahawa mkubwa wa kupokea wageni wa mikutano, kwa upande wa chakula, wote ni 5610. Kinachoangaliwa ni kazi inayofanyika. Kwa hiyo maneno kama "mjasiriamali", "kikundi cha akina mama" au "mwekezaji" hayakusaidii chochote.

Andika maelezo kabla ya namba

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika kabla hata kitabu cha namba hakijafunguliwa: mdadisi anaandika "biashara ya mazao" halafu anaondoka. Aliyeko ofisini Mbeya mjini hana namna ya kuyafungua maneno hayo. Uliza mambo matatu, na uandike majibu kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe:

Unanunua au unapata nini? Unakifanyia nini kikiwa mikononi mwako? Unakiuza kwa nani?

Chukua viazi mviringo vya Uporoto. Anayelima Igoma au Isyonje ni 0113, ambamo mboga, viazi na mizizi viko pamoja. Anayepita na pampu mgongoni kunyunyizia dawa ya ukungu mashamba ya wenzake kwa malipo ni 0161, huduma kwa kilimo cha mazao, yeye halimi. Dalali anayewakutanisha wakulima na matajiri wa Dar es Salaam akachukua kamisheni kwa kila gunia, bila viazi kuwa vyake hata kwa saa moja, ni 4610. Tajiri anayenunua shehena nzima, vikawa vyake, akaviuza kwa wenye vizimba ni 4630. Mwenye lori anayelipwa nauli kwa gunia ni 4923. Mama mwenye meza sokoni Mwanjelwa anayevipanga mafungu ni 4781, rejareja ya vyakula kwenye vibanda na masoko. Angekuwa na duka lenye mlango linalouza vyakula vya aina hiyo tu, angekuwa 4721. Kijana wa chipsi ni 5610. Anayevikata vikawa kachori au krispi za pakiti na kuzisambaza madukani ameshaingia kiwandani: krispi za viazi ni 1030. Zao ni moja, namba ni nane na zaidi, na mhojiwa kila mmoja akiulizwa anafanya nini atakujibu, "Viazi."

Swali la tatu, la kuuza kwa nani, ndilo linalotenganisha jumla na rejareja. Usilipime kwa ukubwa wa mzigo wala kwa lumbesa. Jumla ni kuuza kwa wanaouza tena, kwa viwanda, kwa taasisi. Rejareja ni kuuza kwa watu wa kutumia nyumbani. Duka la Makambako linalouza sukari kwa mifuko ya kilo 50 kwa wenye maduka ya vijijini ni jumla hata kama duka lenyewe ni dogo.

Maelezo mazuri huwa hivi: "Ananunua mpunga Ubaruku, anaukoboa kwa mashine ya kukodi, anauza mchele kwa wenye maduka Mbeya." Mabaya huwa hivi: "Mchele." Na maelezo hayo yasifutwe namba ikishawekwa. Siku namba ikigundulika kuwa na kosa, au toleo likibadilika, hayo ndiyo yatakayotumika kuweka nyingine bila kurudi tena kijijini.

Kituo kimoja au viwili

Kabla ya kuhesabu, amua unachokipa namba. Kampuni ni mwenye mali. Kituo ni mahali pamoja panapofanyika hasa kazi moja. Kampuni yenye mashamba ya chai, kiwanda cha kusindika majani na ofisi ya mauzo mjini inaweza kuwa na vituo vitatu. Kama kila kimoja kina mahali pake, wafanyakazi wake na hesabu zinazoweza kutenganishwa, kipe kila kimoja namba yake: mashamba 0127, kiwanda 1079, na kuendelea. Hesabu za mikoa hutegemea vituo, kwa sababu kampuni inaweza kuwa na makao makuu Dar es Salaam huku kazi yote inafanyika Mufindi au Rungwe. Ukiandika kampuni nzima kwa anwani ya makao makuu, nyanda za juu zinapoteza pato lao.

Zipo kazi ambazo hazipewi namba kabisa: mhasibu wa ndani, mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja, lori linalobeba mzigo wa mwenyewe tu. Hizo ni kazi saidizi, na gharama zake humezwa na shughuli kuu. Lakini lori lilelile likibeba mizigo ya watu kwa malipo, hata mara chache, mapato hayo ni shughuli inayojitegemea na lazima yahesabiwe. Na kutengeneza bidhaa si kazi saidizi hata kama bidhaa yote inatumika ndani. Mwenye parachichi Njombe anayepigilia masanduku yake mwenyewe ya mbao anafanya uzalishaji wa pili, si usaidizi.

Thamani iliyoongezwa, si mauzo

Kituo kikifanya kazi zaidi ya moja, namba yake huamuliwa na kazi inayoongeza thamani zaidi. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua thamani ya kile kilichozalishwa, toa vitu na huduma vilivyotumika kukizalisha. Vya kutoa ni malighafi, umeme, dizeli, vipuri, usafiri uliolipiwa, pango la jengo, vocha za simu, malipo ya kampuni ya ulinzi. Visivyotolewa ni mishahara, riba ya mkopo, marejesho ya benki, kodi ya mapato, na ununuzi wa mashine. Wengi hutoa mishahara kwa mazoea ya kutafuta faida. Hapa hatutafuti faida ya mwenye mali. Mshahara ni sehemu ya thamani iliyoongezwa.

Kwa mchuuzi kuna tofauti inayopotosha watu wengi. Kilichozalishwa na duka si mauzo yake. Ni tofauti kati ya bei ya kuuzia na bei ya kununulia. Duka likiuza bidhaa za milioni 240 zilizonunuliwa kwa milioni 198, uzalishaji wake ni milioni 42. Sasa tazama mfano mzima.

Tuseme kuna kituo kimoja Mafinga, uwanja mmoja, daftari moja, ambacho hakigawanyiki. Kwa miezi 12, kwa milioni za shilingi, duka la vifaa vya ujenzi limeuza 240. Ukitoa bei ya bidhaa 198 inabaki 42, ukitoa pango, umeme na gharama za kuleta mzigo 12, inabaki 30. Mashine ya kupasua imetoa mbao za 51, magogo 22, dizeli, misumeno na vipuri 10, inabaki 19. Karakana ya milango imeuza 40, mbao, vioo, bawaba, gundi na umeme 23, inabaki 17. Karakana ya vitanda na makabati imeuza 52, malighafi na mengine 28, inabaki 24. Lori la kukodisha na dereva wake limeingiza 32, mafuta, matairi, matengenezo na bima 22, inabaki 10. Jumla ya vilivyobaki ni 100, kwa hiyo kila kimoja unaweza kukisoma kama asilimia.

Angalia mbao zilizotoka kwenye mashine kwenda karakana ya jirani. Hazikuuzwa, lakini lazima ziandikwe kwa bei ya soko mara mbili: kama pato la mashine na kama malighafi ya karakana. Ukizisahau upande wa kwanza, mashine inaonekana inakula hasara na karakana inavimba.

Kushuka ngazi

Mtu mwenye haraka ataangalia mfano huo na kusema duka ndilo kubwa, 30, basi 4752. Akitumia mauzo atakuwa na uhakika zaidi, kwani duka lina 240 kati ya 415. Jibu hilo si sahihi. Kanuni ni kuanza juu na kushuka ngazi moja kwa moja, na kila ngazi mshindi achaguliwe ndani ya mshindi wa ngazi iliyotangulia.

Ngazi ya herufi: viwanda, C, ni 19 na 17 na 24, jumla 60. Biashara, G, 30. Usafirishaji, H, 10. C imeshinda, duka na lori vimetoka. Ngazi ya utanzu, ndani ya C pekee: utanzu 16 wa bidhaa za mbao ni 19 na 17, jumla 36, utanzu 31 wa fanicha ni 24. Imeshinda 16, fanicha imetoka. Ngazi ya kundi, ndani ya 16: kundi 161 la kupasua na kuranda ni 19, kundi 162 ni 17. Imeshinda 161, ambalo lina daraja moja tu. Namba ya kituo ni 1610.

Kazi yenye asilimia 19 imeshinda yenye 30 na yenye 24, na huenda mwenye biashara akashangaa. Lakini ukitafakari utaona haki yake: watu wengi wa pale wanashughulika na kugeuza mbao, na kituo chote kinapoingizwa kwenye jedwali la viwanda, sehemu kubwa ya thamani yake imekwenda mahali pake. Kuchagua daraja kubwa moja kwa moja kungepeleka asilimia 60 za kiwanda kwenye jedwali la maduka. Shughuli zilizobaki ziandikwe kama shughuli za ziada, zisipotee.

Daftari lisipokuwepo, na mara nyingi halipo, tumia watu na muda wao. Hesabu miezi ya kazi: wawili mashineni mwaka mzima ni 24, mmoja dukani mwaka mzima ni 12, mmoja kwenye lori msimu wa miezi minne ni 4. Kisha shuka ngazi vilevile. Njia hii hudanganya pale shughuli moja inapotumia mashine ghali na watu wachache, kwa hiyo usiilinganishe na hesabu za fedha ndani ya kituo kimoja. Chagua kipimo kimoja na ukitumie kwa shughuli zote. Mauzo peke yake yatumike baina ya shughuli zinazofanana tu, mfano baina ya milango na vitanda, kamwe si baina ya duka na karakana.

Hesabu iwe ya mwaka. Ukimpima mnunuzi wa mahindi wa Mbozi mwezi wa saba pekee utasema ni mfanyabiashara wa nafaka, 4620. Ukimpima Desemba utasema ana duka la mbolea na mbegu, 4773. Na namba isibadilishwe kwa sababu ya msimu mmoja mbaya. Nchi za Ulaya husubiri shughuli ya pili iizidi ya kwanza kwa miaka miwili ndipo zibadilishe, na ni desturi nzuri ya kuiga.

Mashine ya kukoboa na mwenye mpunga

Hili linahitaji uangalifu wa pekee Mbarali na Kyela. Mwenye mashine ya kukoboa au kusaga, anayelipwa kwa kilo au kwa debe na hana mpunga wake, ni kiwanda: 1061. Usimweke kwenye huduma kwa sababu tu analipwa ujira. Kumbe hata anayenunua mpunga, akaupeleka kukobolewa kwa kulipia, akauza mchele, naye ni 1061, kwa sababu malighafi ni yake tangu mwanzo na yeye ndiye aliyeagiza igeuzwe. Anayenunua mchele uliokwisha kukobolewa akaufunga upya na kuuza kwa jumla ndiye 4630. Mkulima anayekoboa mpunga wake na kuuza mchele ana shughuli mbili, 0112 na 1061. Pima thamani ya kila moja. Kwa kawaida shamba hushinda, maana ukobozi huongeza kidogo kuliko mwaka mzima wa jaruba.

Kanuni hiyohiyo humhusu anayenunua shamba la miti, akalipa vijana wa kukata na dingdong ya kukodi. Magogo ni yake, mbao ni zake: 1610. Kuwa mashine ya kuhamishika, na kwamba kazi imefanyika msituni, hakuibadilishi kuwa kazi ya misitu.

Kupanga, kusafisha na kupaka nta parachichi za wakulima kwa malipo, bila kuzigeuza kuwa kitu kingine, ni 0163, kazi za baada ya mavuno. Kukamua mafuta yake ni 1040. Mpaka kati ya hizi mbili ni swali moja: je, kilichotoka bado ni zao lilelile?

Mashambani

Mahindi, maharage na alizeti vyote ni 0111. Mpunga peke yake 0112. Tumbaku ya Chunya 0115. Ndizi za Rungwe na parachichi 0122. Chai, kahawa na kakao ya Kyela 0127. Pareto humpa mtu tabu kwa sababu ni ua, lakini mazao yanayolimwa kwa ajili ya dawa za wadudu yako 0128. Miche ya parachichi iliyobebeshwa ni 0130, ila kitalu cha misonobari na mikaratusi ni 0210 pamoja na misitu. Kuchoma mkaa kwa tanuri la porini ni 0220.

Namba 0150, kilimo mseto, hutumiwa vibaya mno. Haimaanishi mahindi pamoja na maharage, wala mkulima wa viazi mwenye ng'ombe watatu. Ni kwa shamba ambalo si mazao wala mifugo iliyofikisha zaidi ya asilimia 66. Upande mmoja ukizidi hapo, namba ni ya upande huo.

Trekta lina majibu mawili. Ukilikodisha pamoja na dereva wako akalime, ni 0161. Ukilitoa tupu, mpangaji akatafuta dereva wake, ni 7730, ukodishaji wa mitambo.

Za mjini, kwa haraka

Fundi cherehani anayeshona nguo mpya ni 1410. Anayerekebisha tu ni 9529. Fundi wa mageti na madirisha ya chuma 2511. Tofali za kuchoma 2392, za saruji 2395. Gereji ya magari 4520, lakini fundi pikipiki ni 4540 pamoja na wanaoziuza, na fundi baiskeli ni 9529. Anayeuza simu 4741, anayezitengeneza 9512. Daladala 4921, basi la Dar es Salaam, teksi, bajaji na bodaboda 4922. Wakala wa forodha wa Tunduma 5229. Gesti 5510, baa na kilabu cha ulanzi 5630, vyumba vya kupangisha kwa mwezi 6810. Saluni 9602. Duka la dawa 4772. Mitumba kwenye duka 4774, mezani sokoni 4782. Fotokopi na kuchapa barua 8219; ikiwa madaftari na kalamu ndivyo vinavyobeba duka, 4761. Duka la mtaa lenye unga, sabuni, betri na soda, vyakula vikiongoza, 4711. SACCOS 6419.

Kabla hujakabidhi faili

Safu ya namba kwenye Excel ifanywe ya maandishi kabla ya kuanza kuingiza. Usipofanya hivyo, 0113 itageuka 113 na 0210 itageuka 210, na kilimo na misitu yote ya nyanda za juu itaharibika kimyakimya. Faili likiwa limeshaharibika, tafuta namba zote zenye tarakimu tatu. Kama ulikuwa unaweka madaraja ya tarakimu nne tu, zote hizo zimepoteza sifuri. Hakikisha pia hakuna aliyeandika herufi O badala ya sifuri.

Kisha panga orodha kwa namba na utafute zisizowezekana. Uvuvi wa baharini, 0311, hauwezi kuonekana Matema. Ziwa Nyasa na Mtera ni maji baridi, 0312. Ukiona 0610, uchimbaji wa mafuta ghafi, ujue ni kituo cha kuuza petroli kilichopaswa kuwa 4730. Shule ya msingi kwenye 84, utanzu wa utawala wa serikali, ni kosa la kudhani kila kilicho cha serikali ni utawala. Shule ni 8510 awe mwenye nayo nani. Namba zinazoishia na 9 zikizidi, rudi kwenye maelezo uzisome moja moja. Wape watu wawili sampuli ileile ya maelezo mia moja waweke namba bila kuonana, halafu kaeni juu ya zile walizotofautiana. Hapo huonekana kama tatizo ni mtu au ni maelezo yenyewe.

Andika kwenye faili toleo lililotumika. Toleo la 5 liliidhinishwa mwaka 2023, lina sehemu 22, na herufi za kuanzia katikati zimesogea: fedha na bima, ambazo kwenye Toleo la 4 ni K, kwenye Toleo la 5 ni L. Utanzu 45 wa magari nao umevunjwa na yaliyomo yakasambazwa kwingine. Faili lenye safu ya herufi peke yake, bila kutaja toleo, haliwezi kuunganishwa na la mwaka mwingine. Weka na wilaya pia, si mkoa pekee: Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, na vituo vya Tunduma vilivyoandikwa "Mbeya" kwenye orodha ya 2014 havitalingana na chochote cha leo mpaka uvitafute kwa wilaya.